Pikapu mpya inasita na gia inapiga teke: kabla hujailaumu gia boksi

Mzee alipofika gereji hakutaka hata kukaa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na papo hapo akanikabidhi ufunguo. "Endesha mwenyewe, mwanangu. Mimi nikieleza wananiambia nimezoea magari ya zamani."

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya dabo kebini, ya dizeli, otomatiki. Kilomita 6,800 kwenye dashibodi, na viti vya nyuma bado vina nailoni zake. Alilichukua Dar es Salaam akalipandisha mwenyewe hadi Arusha. Malalamiko yake yalikuwa mawili. Ukitoka kwenye kipilefti cha Mnara wa Saa ukakanyaga mafuta, injini inasita kidogo, kama mtu aliyeitwa na kujifanya hajasikia. Halafu nguvu inakuja kwa mkupuo, na gia ya pili ikihamia ya tatu unapigwa teke la mgongo. Alikwisha kulirudisha alikonunua, mara mbili. Jibu lilikuwa lile lile: mashine haioneshi kosa, gari ni zima, litazoea.

Na marafiki zake, kama kawaida ya mjini, walikwisha kumpa hukumu: gia boksi imekufa, mwaga oili yote uweke nyingine.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu nimeona gia boksi nyingi nzima zikifunguliwa kwa kosa ambalo si lao.

Katika pikapu za siku hizi pedali ya mafuta haivuti waya wowote. Chini yake kuna sensa zinazopima umekanyaga kiasi gani, na mguu wako kwa kweli unapeleka ombi tu. Kontroboksi ya injini, yaani kompyuta yake, inalipokea, inaangalia hewa iliyopo, joto, na presha ya turbo (pampu inayoisukumia injini hewa), kisha inaamua dizeli kiasi gani iingie. Kontroboksi ya gia nayo inasikiliza mazungumzo hayo. Ndani ya gia boksi otomatiki kuna pakiti za krachi pleti zinazobanwa kwa presha ya oili, na presha hiyo inapangwa kufuatana na nguvu ambayo injini imesema inaitoa. Injini ikisema ukweli, krachi moja inaachia na nyingine inashika bila wewe kujua. Injini ikitangaza nguvu kubwa kuliko iliyopo, krachi inabanwa kwa pupa na unapata teke. Ikitangaza ndogo kuliko iliyopo, presha inakuwa haba, krachi zinateleza, na utaona mshale wa mizunguko unaruka juu kabla gia haijashika. Hili la pili ndilo baya zaidi, maana linakula krachi pleti.

Kwa hiyo mteja akiniambia gari linasita na gia zinapiga, swali langu la kwanza huwa ni kama injini inaidanganya gia boksi.

Tulitoka na mzee kuelekea Kisongo, yeye kwenye usukani, mimi na kompyuta mapajani. Sikutafuta kosa lililohifadhiwa, kwa sababu wenzangu walikwisha kulitafuta wakalikosa. Niliweka grafu mbili pamoja: presha ya turbo inayotakiwa, na presha ya turbo iliyopo. Ukiendesha taratibu mistari inalaliana. Nikamwomba akanyage nusu ya pedali kwenye mwinuko. Mstari wa pili ukabaki nyuma, ukatetemeka, ukafika kwa kuchelewa. Na kila tofauti ilipokuwa kubwa, gia iliyofuata iliingia kwa teke. Tulirudia mara tano. Mara ya tatu mzee alikuwa anaitabiri: "Sasa hivi itapiga." Ikapiga.

Kwa nini basi taa ya injini haikuwaka? Kwa sababu kompyuta haiandiki kosa kwa kila hitilafu ndogo. Inasubiri tofauti ifike kiwango fulani na idumu kwa muda fulani. Hitilafu inayokuja sekunde moja na kupotea inaweza kumsumbua dereva mwaka mzima bila kuacha alama. Ndiyo maana fundi anayechomeka mashine, akaona "hakuna kosa", akachomoa, bado hajapima gari. Amesoma barua tu.

Chini ya boneti, kwenye mpira unaotoka interkula (kipozea hewa ya turbo) kuingia injini, kulikuwa na unyevu mwembamba wa oili ulionasa vumbi upande mmoja tu, karibu na klempu, ule mkanda wa chuma unaoubana mpira. Klempu ilikaa upande. Kwa presha ndogo ilishika, kwa presha kubwa ilipumua. Sasa angalia uongo unavyozaliwa: sensa ya hewa iko mbele, karibu na filta, kwa hiyo inaihesabu hewa yote inayopita. Sehemu ya hewa hiyo inatorokea njiani. Kompyuta inaamini imefika kwenye silinda, inaingiza dizeli ya hewa hiyo, na inaitangazia gia boksi nguvu ambayo magurudumu hayaioni. Injini inasita, gia inapiga. Dalili mbili, klempu moja.

Sikuikaza. Hili linawashangaza watu, lakini gari lilikuwa bado ndani ya dhamana, na bisibisi yangu ikigusa pale, kesho tatizo jingine likitokea mzee ataambiwa "fundi wa nje amechezea". Nilipiga picha, nikamchapishia grafu zenye tarehe na saa, nikamwandikia nusu ukurasa, nikamrudisha alikonunua. Nilichukua hela ya kupima, basi. Walibadilisha mpira na klempu siku hiyo hiyo.

Si kila pikapu itakuwa na klempu iliyolegea, bila shaka. Ningesema hivi: kwenye gari jipya nianze na hewa, kisha dizeli, halafu programu, na gia boksi yenyewe iwe ya mwisho.

Dizeli inastahili maneno mengi kuliko yote. Injini za komoni reli, zile ambazo nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa, zinasukuma mafuta kwa presha inayoweza kufika baa 2,000 na zaidi. Tairi lako lina baa mbili na nusu hivi. Kwa presha hiyo, na kwa vitundu vya nozeli ambavyo jicho halivioni vizuri, tone la maji au chembe ya kutu ni adui. Kwenye viwango, sisi si wabaya: tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zimeshusha kiberiti (salfa) kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Uchakachuaji nao umebanwa kwa kodi. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuchanganya kusiwe na faida, na Kenya ikaweka tozo yake mwaka 2018. Lakini kiwango kinapimwa kwenye mafuta yanayoingia nchini. Hakipimwi kwenye dumu ulilojaza Mto wa Mbu, wala kwenye pipa lililokaa nje masika yote kule machimboni. Pikapu ndiyo gari linalokwenda huko, kwa hiyo pikapu ndiyo inayokunywa maji. Filta nyingi za dizeli zina koki ya kumwagia maji chini yake, na taa yake kwenye dashibodi. Taa hiyo ikiwaka usiendelee na safari kwa kudra. Simama, mwaga. Na kama gari linasita zaidi tanki likiwa karibu kuisha, au mara tu baada ya kujaza kituo fulani, andika jina la kituo na tarehe, kisha weka dizeli kwenye chupa ya kioo uiache itulie usiku mmoja. Maji yatakaa chini, utayaona.

Kisha kuna mambo ambayo si ugonjwa, na hapa lazima niwe mkweli kwa wauzaji pia.

Mzee alikuwa na hakika kwamba Dar es Salaam gari lilikuwa na nguvu zaidi. Ni kweli, na si kosa la mtu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina presha pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko ya pwani. Turbo inafidia sehemu kubwa, ila inafidia ikishazunguka. Kabla haijazunguka, unakanyaga injini ndogo kwenye hewa nyepesi. Nairobi hali ni hiyo hiyo na zaidi kidogo. Kusita kwa nusu sekunde unapoondoka kutoka kusimama, kusikobadilika siku hadi siku, ni tabia ya turbo. Kusita kunakokuja na kuondoka, au kunakotokea katikati ya mwendo, hakuzoeleki.

Hali ya kubana mafuta, ile ya kitufe cha kijani, inapunguza ukali wa pedali. Kizime kwanza kabla hujaja kwangu. Utashangaa wangapi wamelipia kipimo kwa sababu ya kitufe. Na gia zenyewe zinajifunza: kontroboksi inapima kila badiliko la gia na kurekebisha presha yake kidogo kidogo, kwa hiyo gari jipya linaweza kuwa gumu kidogo kilomita za mwanzo, hasa asubuhi ya Julai oili ikiwa bado baridi. Ila ujifunzaji unaelekea upande wa ulaini. Gia inayozidi kuwa mbaya kadiri kilomita zinavyoongezeka haijifunzi chochote.

Kama gari lako lina chujio la masizi kwenye ekzosi (si kila pikapu inayouzwa kwetu inalo, ila nyingi zinazotoka Uingereza zinalo), kuna wakati linajichoma lenyewe kwa joto la nyuzi 600 hivi. Utasikia silensa (mizunguko ya injini gari likiwa limesimama) imepanda, feni inazunguka hata baada ya kuzima, na gari linakuwa zito. Ukizima katikati kila mara kwa sababu safari zako ni za sokoni tu, litaziba. Lipeleke barabara kuu nusu saa. Yameisha.

Sasa yale yanayonikasirisha. La kwanza ni kibokisi cha pedali kinachouzwa mtandaoni kuondoa kusita. Kinachofanya ni kuikuza ishara ya pedali: ukikanyaga robo, injini inaambiwa nusu. Nguvu haikuongezeka hata punje, na gia boksi sasa inapokea maombi ya ghafla siku nzima. La pili ni kumwaga oili ya gia ya gari lenye kilomita elfu saba. Gia boksi nyingi za sasa hazina kijiti cha kupimia. Usawa wa oili unapimwa gari likiwa limenyooka, injini inaunguruma, na oili iko kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji. Nimeletewa gari lililokuwa zima, likamwagwa "kwa usalama", likarudishiwa oili pungufu kwa lita moja na ya aina nyingine. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza kweli. La tatu ni kubadilishiwa programu ya injini na kijana mwenye laputopu. Dhamana inakufa siku hiyo, na gia boksi haikupewa taarifa kwamba nguvu imeongezeka.

Ukirudi kwa muuzaji, usiseme "gari linasumbua". Sema: oili ya gia ikiwa ya moto, kutoka ya pili kwenda ya tatu, mizunguko 2,000, nusu pedali, kwenye mwinuko, mara nne kati ya tano. Aliyekaa pembeni arekodi dashibodi kwa simu huku sauti ikisikika. Omba fundi wao aingie garini muende pamoja njia unayoijua wewe. Uliza kama kuna programu mpya ya injini au ya gia kwa namba ya chesisi yako, maana matatizo mengi ya magari mapya hutatuliwa hivyo kimyakimya. Na usiondoke bila karatasi iliyoandikwa lalamiko lako kwa maneno yako, hata kama hawakuona kitu. Karatasi tatu zenye lalamiko moja, zote ndani ya dhamana, zina nguvu kuliko kelele kaunta.

Mzee alinipigia wiki moja baadaye. Kusita kumekwisha. Gia iliendelea kupiga siku mbili tatu, ikalainika. Nilimweleza mapema kwamba itakuwa hivyo: ilikwisha kujifunza kuishi na uongo, na wale jamaa hawakufuta kumbukumbu yake, kwa hiyo ilibidi ijifunze upya barabarani, kwa mguu mwepesi.

"Lakini fundi," akasema, "sasa kuna kitu kinagonga nikisimama kwenye taa. Kimoja tu. Ko! Kama mtu kanigusa nyuma."

Nikamuuliza kama kinagonga gari likishasimama kabisa, au likianza kuondoka. Akasema vyote viwili. Hiyo si gia. Propela ya pikapu, ile shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ina sehemu inayoteleza, inarefuka na kufupika springi za nyuma zinapocheza. Ikikosa grisi inanata, kisha inaachia kwa mpigo. Nikamwambia apite. Grisi ilichukua dakika kumi, na safari hii alikunywa chai.