Tiba ya wasiwasi kwa vidio inasaidia, ila usiigeuze kuwa pa kujifichia

Swali tunaloulizwa sana sisi tunaotibu wasiwasi ni hili, je mtu anaweza kutibiwa wasiwasi kwa vidio ya simu kweli au ni stori tu za mtandaoni. Anaweza. Tiba ya mazungumzo inayoshughulika na fikra na tabia, ile ambayo Aaron Beck alianza kuijenga Marekani miaka ya 1960, imefanyiwa tafiti nyingi kwa njia ya mtandao na kwenye wasiwasi matokeo yake yanakaribiana na ya kukaa ana kwa ana, hasa pale mtaalamu anapokufuatilia kwa karibu na sio unaachiwa programu uhangaike nayo mwenyewe.

Sasa shida iko hapa. Wasiwasi unakua kwa kukwepa. Unaogopa lifti, unapita kwenye ngazi, moyo unatulia, na ubongo unaamini kabisa umenusurika kwa sababu umeikwepa, kesho yake lifti inatisha zaidi ya jana. Kwahiyo mtu anayeogopa kutoka nje au kukutana na watu akinipata mimi akiwa chumbani kwake mlango umefungwa, anaweza kufurahia sana vipindi vyetu, anafika kwa wakati, anaongea vizuri, halafu miezi inapita na bado hajatoka. Kuanzia chumbani hamna ubaya, wengi wasingeanza kabisa bila hivyo, lakini tukibakia hapo hapo tiba yenyewe inakuwa ndo njia mpya ya kukwepa, na mimi naona hilo ndo jambo la kuangaliwa kuliko mambo ya netiweki.

Ndo maana mtaalamu mzuri atakuambia utoke, yaani simu mfukoni, eafoni moja sikioni, mnaanza na kitu kidogo mlichokubaliana kama kusimama kwenye foleni, na hukimbii, unabaki mpaka hofu ishuke yenyewe. Na inashuka! Shambulio la hofu kwa kawaida linafika kileleni ndani ya dakika 10 hivi halafu linaanza kupungua hata usipofanya chochote. Ila sauti ya mtaalamu sikioni nayo inaweza kuwa kinga ambayo mtu haendi popote bila hiyo, kwahiyo siku zinavyoenda naongea kidogo, baadae nanyamaza, baadae unaenda peke yako unakuja kunisimulia tu.

Kwenye kamera nakuomba usogee nyuma kidogo nione mikono na unavyopumua, maana uso peke yake unaficha mengi. Na kama unaogopa watu wanavyokuona, ficha picha yako kwenye skrini, usije ukamaliza kipindi kizima unajikagua sura.

Kipindi cha kwanza lazma uulizwe upo wapi kwa wakati huo, namba ya mtu wako wa karibu, na tutafanyaje mtandao ukikata katikati. Asiyeuliza hayo mimi ningekuwa na mashaka nae, kwa sababu likitokea la kutokea atamtuma nani na wapi? Pia utapewa dodoso, mara nyingi ni la kupima wasiwasi linaloitwa GAD-7, lililotolewa 2006, maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama kuanzia 0 mpaka 21. Ukipata 10 au zaidi maana yake uchunguzwe vizuri, sio kwamba tayari unaumwa, tusiogopeshane.

Na kabla ya kusema ni wasiwasi, mwili upimwe. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inaleta moyo kwenda mbio, jasho na kutetemeka, vitu vile vile, na mimi kwenye skrini siwezi kuipima. Maumivu ya kifua yakikupata kwa mara ya kwanza nenda hospitali, usisubiri kipindi. Vivyo hivyo ukiwa na mawazo ya kujiua usisubiri siku ya miadi, piga namba ya dharura ya unakoishi au mwite mtu akae na wewe sasa hivi.

Dawa nazo wengi wanauliza. Zipo na zinasaidia, ila sio kila mtaalamu wa saikolojia anaruhusiwa kuziandika, kwahiyo muulize mapema anashirikiana na daktari gani, na kama tayari unatumia usiziache ghafla kisa umeanza tiba ya mazungumzo, ongea kwanza na aliyekuandikia.