Je, wajua kwa nini Garratt, masini ya treni ya mvuke, inabeba boila (tangi la kuchemshia maji yawe mvuke) katikati?

Mtu akiona picha ya Garratt mara ya kwanza anauliza mbele iko wapi, maana tenki la maji liko upande huu, makaa yako upande ule, halafu boila inaning'inia katikati na chini yake hakuna hata gurudumu moja. Akili yote iko hapo hapo.

Kwenye masini ya kawaida boila inakaa juu ya magurudumu. Sasa chukua njia nyembamba, yenye milimita 610 tu kati ya reli na reli (yetu hapa Lubumbashi, iliyofika 1910, iko na 1067), ukitaka nguvu unaongeza boila, inapanda juu, masini inayumba, unaongeza magurudumu kwenye fremu moja, hayakati tena kona. Herbert Garratt, Mwingereza, akagawanya kazi: injini mbili, kila moja na silinda zake, moja mbele moja nyuma, zote zinageuka zenyewe, na fremu ya boila imelala kati yao kama daraja. Chini kuko wazi, basi boila unaifanya nene na unaishusha, moto nao unapata nafasi pana. Na kwenye kona ile fremu inasogea upande wa ndani, ndiyo maana haipinduki ovyo.

Ya kwanza, K1, Beyer Peacock wa Manchester waliitengeneza 1909 kwa ajili ya Tasmania. Lakini mimi moyo wangu uko kwa NG G16, aina ya Garratt ya reli nyembamba za Afrika Kusini: magurudumu 20, 12 ya kuvuta, uzito karibu tani 60 lakini kila ekseli inabeba kama tani 7 tu, kwa hiyo hata reli nyepesi zinavumilia. Na 4 za kwanza, 1937, zilitoka Ubelgiji, kwa Cockerill ya Seraing! Zikafuata za Manchester, halafu 8 za mwisho zikaundwa Afrika Kusini kwenyewe 1967 na 1968, jumla 34. Huku Katanga BCK, kampuni ya reli, ilishaanza kuvuta treni kwa umeme kati ya Likasi na Tenke toka 1952, Waafrika Kusini bado wanaunda za mvuke mpya, na naona walikuwa na haki, makaa ya mawe kwao ni tele na matunda ya njia ya Avontuur, reli nyembamba ya huko kwao, yalipaswa kufika bandarini.

Namba 87, moja ya zile za Seraing, leo inavuta abiria huko Wales, kati ya Caernarfon na Porthmadog.