Dawa za Lehemu na Kifafa: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Atorvastatini, mojawapo ya dawa za kupunguza lehemu (kolesteroli) ziitwazo statini, inatibu kifafa, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuacha fenobabitoni, dawa yake ya kifafa.

Ukweli: Haitibu, na kati ya dhana zote hii ndiyo ya hatari zaidi. Chanzo chake ni majaribio ya kweli: panya wa maabara waliotangulia kupewa statini, kisha wakachomwa sindano ya kemikali ya kuleta degedege iitwayo pentilenitetrazoli, katika majaribio kadhaa walichelewa kushikwa au walishikwa kwa nguvu ndogo, na ubongo wao ulikutwa na uharibifu mdogo wa mafuta ya seli pamoja na akiba kubwa zaidi ya glutathioni, kinga ya mwili dhidi ya chembe huru za oksijeni zinazoharibu seli. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada nao walieleza kuwa wagonjwa wa moyo waliotumia statini walilazwa kwa kifafa mara chache kuliko wenzao wasioitumia. Hata hivyo, uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyowakinga, na hakuna statini iliyoidhinishwa kutibu kifafa. Kuacha fenobabitoni ghafla, kwa upande mwingine, kunaweza kuleta degedege la mfululizo linaloua. Aliyeishiwa vidonge kule Uvinza ni heri aazime nauli ya kufika Kigoma mjini kuliko kuazima statini za babu yake.

Dhana: Statini huukinga ubongo kwa kuyeyusha mafuta yaliyomo.

Ukweli: Lehemu ya kwenye damu kwa kawaida haiingii ubongoni, ubongo hujitengenezea yake na kuihitaji sana. Wala kuacha mawese ya Ujiji hakubadilishi hilo, ingawa moyo unaweza kunufaika. Kinachodhaniwa kuwasaidia panya ni kupungua kwa uvimbe na kwa chembe huru, ambazo ubongo huzalisha kwa wingi kwa sababu hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni ya mwili ilhali uzito wake ni asilimia 2 tu.

Dhana: Mwenye kifafa haruhusiwi kutumia statini.

Ukweli: Anaruhusiwa, akiihitaji kwa ajili ya moyo au mishipa. Ila dawa za kifafa kama fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hulichochea ini livunje statini kama simvastatini na atorvastatini upesi, hata lehemu ikabaki juu kwa mgonjwa asiyeruka dozi hata moja; ndiyo maana daktari anapaswa kuonyeshwa vidonge vyote kabla hajaongeza kipimo.