Fundi bila cheti cha shule hajafungiwa mlango

Ukipita soko la Kibuye, Kisumu, utasikia mafundi wakisema, "Sikumaliza shule, siwezi kupata cheti." Imani hii imewanyima wengi kazi, na si ya kweli.

Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutahini ufundi wenyewe. Mtihani wake una gredi tatu: watu huanzia ya tatu, kisha ya pili na ya kwanza. Uashi, useremala, umeme, ushonaji, ususi, umekanika, zote zimo. Seremala hupewa mchoro, mbao na muda, halafu mtahini anakagua: pembe zimekaa mraba? Kiungo kimeshika bila mwanya? Hapo mkono uliozoea randa kwa miaka kumi una nafasi nzuri sana. Ipo sehemu ya nadharia pia, na ndiyo inayowatisha wengi, kwa hiyo ni vyema kujiandaa mapema.

Asiyejua kusoma na kuandika ana ngumbaru, yaani madarasa ya watu wazima, na hakuna anayeulizwa umri. Kimani Maruge alijiunga na shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004 akiwa na miaka 84!

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni ada na siku za kazi zinazopotea. Hapa chama cha kuchangishana kina kazi. Kinachoweza kumchangia mwanachama harusi kinaweza pia kumlipia mtihani, arudishe polepole. Na mke au mume akishika kibanda siku ya mtihani, wateja hawapotei.

Uliza ofisi ya NITA Kisumu tarehe za usajili.