Upasuaji wa kunyonya mafuta: maswali niliyoulizwa Kondele

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Chama kimoja cha akina mama cha Kondele, Kisumu, kiliniita nizungumze kuhusu shinikizo la damu. Hazikupita dakika kumi, mazungumzo yakahamia kunyonya mafuta ya tumbo. Dada mmoja alikuwa ameshatuma malipo ya kwanza kwa simu kwa kliniki ya Nairobi, na daktari hajawahi kumwona hata sura. Nimeyaandika maswali yao hapa kwa sababu najua hawako peke yao.

Sista, hayo mafuta yanatolewaje?

Kwanza daktari hudunga maji mengi chini ya ngozi. Ni maji ya chumvi yaliyochanganywa na lignokeini ya kutia ganzi na adrenalini ya kubana mishipa ya damu. Sehemu hiyo huvimba na kukaza kama embe bichi. Kisha hutoboa matundu madogo, huingiza mrija mwembamba wa chuma na kuupeleka mbele na nyuma huku mashine ikivuta. Kinachojaa kwenye chupa ni kitu cha manjano kilichoelea juu ya maji mekundu. Njia hii ya kudunga maji ilibuniwa mwaka 1985 na daktari wa ngozi Mmarekani, Jeffrey Klein. Kabla ya hapo wagonjwa walikuwa wakipoteza damu nyingi.

Matundu yasikudanganye. Kwa nje ni alama tatu au nne tu, lakini kwa ndani umejeruhiwa eneo lote ambalo mrija umepita.

Nina kilo 104. Nitapungua ngapi?

Chache kuliko unavyotarajia. Upasuaji huu hurekebisha umbo, hautibu unene. Kinachonyonywa kikipita lita 5, maji na mafuta pamoja, mgonjwa anapaswa kulala hospitalini akiangaliwa.

Bana tumbo lako kwa vidole. Kile unachokishika ndicho kinachoweza kunyonywa. Kitambi kigumu kisichobanika mara nyingi ni mafuta yaliyozunguka matumbo na ini, na huko mrija hauruhusiwi kufika. Ngozi iliyolegea baada ya kuzaa nayo haiondoki, wala ile michirizi.

Na sukari je, itashuka?

Usifanye kwa sababu hiyo. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 15 walionyonywa mafuta mengi ya tumbo, karibu kilo 10 kila mmoja. Walipopimwa wiki 10 hadi 12 baadaye, shinikizo la damu na jinsi mwili ulivyotumia insulini, homoni inayoshusha sukari, havikuwa vimebadilika.

Nani asifanyiwe?

Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, aliyewahi kuganda damu mguuni, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, huyo lazima daktari amchunguze kwa kina na huenda akamkatalia. Mvuta sigara aache wiki kadhaa kabla. Mtaje pia vidonge vya kupanga uzazi, kwa kuwa baadhi huongeza hatari ya damu kuganda, na miti shamba yote unayokunywa, hata ile ya mama mkwe.

Sisi wa kanda ya ziwa tuna jambo letu la ziada. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, ni mwingi hapa. Kupungukiwa na maji, baridi ya chumba cha upasuaji au hewa kidogo vinaweza kuuamsha vibaya. Kama uko katika ukoo wenu na hujawahi kupimwa, pima kwanza.

Nikifanyiwa Nairobi Ijumaa, si naweza kupanda basi Jumamosi nirudi nyumbani?

Hapana, mama. Swali hili ndilo lililonikosesha usingizi.

Hatari kubwa haziishii pale kitandani. Lignokeini iliyodungwa huingia kwenye damu polepole, na huweza kufikia kilele saa 10 au zaidi baadaye, ukiwa umeshavaa nguo zako. Ikizidi, midomo hufa ganzi, masikio huvuma, mtu huchanganyikiwa na hata kupata degedege. Mafuta yaliyoingia kwenye mishipa huonyesha madhara zaidi katika siku 3 za kwanza. Damu iliyoganda mguuni inaweza kusafiri hadi kwenye mapafu hata wiki kadhaa baadaye. Sasa wewe umekaa kwenye kiti cha basi kilomita 350, magoti yamebanwa, hunywi maji kwa kuogopa choo. Ikikushika njiani, nani atajua umefanyiwa nini?

Mimi ningekutaka ukae karibu na daktari wako wiki nzima, uwe na mtu wa kulala nawe, na utembee kidogo kidogo tangu siku ile ile. Ukija nyumbani, beba karatasi inayosema ulifanyiwa nini, lita ngapi zilitolewa na dawa gani ulipewa.

Homa ikinishika siku ya tatu, nimeze dawa ya malaria?

Usianzie dukani. Upimwe malaria, ndiyo, lakini jeraha nalo liangaliwe, maana hapa kwetu kipimo kinaweza kuonyesha malaria na bado usaha unakula ndani. Ukikosa pumzi, kifua kikiuma, shavu la mguu mmoja likivimba, tumbo likiwa gumu na maumivu yakizidi, mkojo ukipungua, au ngozi ikigeuka nyeusi, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Aliye Kisumu aende hospitali ya rufaa ya Jaramogi, aliye Nakuru aende hospitali ya rufaa ya kaunti. Usingoje kliniki ifungue.

SHA, bima ya afya ya serikali, italipa?

Hapana. Upasuaji wa urembo hulipiwa mfukoni.

Ile nguo ya kubana, na joto hili la Kisumu?

Utaivaa wiki 4 hadi 6, usiku na mchana, kadiri daktari atakavyosema. Nunua mbili, moja ikifuliwa nyingine iko mwilini. Usiiache ijikunje kiunoni. Mkunjo huo huacha mfereji kwenye ngozi. Siku mbili za kwanza maji mekundu yatatiririka kwenye matundu, kwa hiyo tandika nailoni na leso kuukuu juu ya godoro. Uvimbe huchukua miezi 3 hadi 6 kuisha.

Nimeshatuma pesa nusu. Niulize nini kabla sijamaliza?

Uliza jina kamili la daktari, kisha ulitafute wewe mwenyewe kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, uone kama ni bingwa wa upasuaji wa plastiki. Kliniki nayo itafute humo humo. Uliza nani atakulaza usingizi, kama oksijeni ipo, na wakikwama watakukimbiza hospitali gani yenye chumba cha wagonjwa mahututi. Halafu uliza nambari ya simu itakayopokelewa saa nane usiku, na uipige usiku huo huo kabla hujatuma pesa iliyobaki.