Je, wajua kwa nini kamera ya usalama huona vizuri mchana, usiku ikawa kipofu?

Saa tatu usiku simu yangu inalia, ni ami mmoja mwenye duka pale Langoni hapa Lamu, sauti ya chini chini kama mtu anayeogopa kusikiwa. "Ndoo uone, hii kamera imeingiliwa." Imeingiliwa na nini ami? "Kuna kitu cheupe chapita mbele ya mlango, chang'aa, chayumba, na nje hapana mtu." Mimi kazi yangu ni kufunga na kutengeneza kamera za usalama, nshaitwa kwa mambo mengi lakini kuitwa kutoa jini ndani ya DVR, kile kisanduku kinachorekodi picha za kamera, ilikuwa mara ya kwanza. Nkaenda. Na kweli kwenye skrini kulikuwa na kamba nyeupe nene kama amari ya jahazi, inapepea kushoto kulia, nyuma yake mlango wa duka hauonekani kabisa. Nkaegemeza ngazi ukutani, nkapanda na tochi ya simu, nkamkuta buibui mdogo kama punje ya pilipili manga kajikalia katikati ya uzi wake, sentimita mbili tu kutoka kwenye kioo cha kamera.

Ami akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akauliza swali la maana. "Sasa mbona mchana simuoni?"

Hapo ndo penye siri yote, na ukiielewa hiyo utaokoa pesa nyingi, maana watu wengi kamera ikianza vituko vya usiku wanakimbilia kununua nyingine, wakati kamera yenyewe haina ugonjwa wowote.

Mchana kamera inaona kama jicho, inapokea mwanga wa jua basi. Usiku inageuka, inakuwa jicho na taa kwa pamoja. Vile vidoti vidogo vimeizunguka lensi ni taa za miale ya infraredi, mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni. Aliyeugundua ni William Herschel, mwanasayansi wa nyota wa kule Uingereza, mwaka 1800, alipitisha jua kwenye kioo cha pembe tatu likajigawa rangi rangi, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu pale pasipoonekana kitu, na joto likapanda. Mwanga hupimwa kwa urefu wa wimbi lake, kwa nanomita, na jicho letu linaishia kama nanomita 700 hivi, taa za kamera nyingi zinatoa 850, kwa hiyo uchochoro kwako wewe ni giza totoro lakini kwa kamera umewashwa taa. Ukitaka kuhakikisha kama taa hizo zinawaka usiuingie mfuko, chukua simu yako, washa kamera ya mbele, ielekeze kwenye vile vidoti usiku. Simu nyingi zitakuonyesha vidoti vyeupe au vya zambarau. Jaribu kwanza na rimoti ya TV ujue kama simu yako inaweza, maana rimoti nayo inatumia infraredi hiyo hiyo.

Sasa rudi kwa yule buibui. Mwanga unapungua kwa mraba wa umbali, yaani kitu kikiwa mbali mara mbili kinapata robo ya mwanga. Mlango wa ami uko mita 4 kutoka kwa kamera, uzi wa buibui uko sentimita 2, hiyo ni karibu mara 200. Zidisha 200 kwa 200 upate 40,000. Uzi ule kwa hesabu ya kitabuni unamulikwa mara elfu arubaini kuliko mlango! Ndo maana unang'aa kama taa ya gari na mlango unabaki kivuli. Mchana jua linamulika kila kitu sawasawa, uzi hauna cha kujivunia, hauonekani. Na buibui hana kosa, kamera ina joto, iko chini ya paa haipati mvua, na mara nyingi iko jirani na balbu inayovuta wadudu, wewe ungekuwa yeye ungejenga wapi?

Kuna buibui wa pili pia, lile vazi. Hii huwa nawaambia watu hawaamini. Picha ya infraredi haina rangi, ni nyeusi na nyeupe tu, lakini weusi na weupe wake si ule unaoujua. Rangi nyingi za kutia nguo zinameza mwanga tunaouona ila infraredi zinaiacha ipite, kwa hiyo kitambaa cheusi kinaweza kutoka kijivu au cheupe kabisa usiku. Mama kapita na buibui jeusi, kwenye rekodi utasema kavaa kanzu ya Idi. Nshaona mtaa mzima unamtafuta "kijana wa fulana nyeupe" siku mbili, na fulana yenyewe ilikuwa nyeusi tii. Si nguo zote, inategemea rangi iliyotumika, lakini ukitoa maelezo ya nguo kutoka kwa kamera ya usiku weka hilo akilini, angalia mwendo na umbo la mtu, rangi iache.

Na ikiwa picha ya mchana ndo ina kasoro, majani yanaonekana ya pinki na nguo nyeusi inageuka zambarau, hilo ni jambo jingine. Ndani ya kamera kuna kichujio kidogo kinachozuia infraredi mchana, jioni kinasogea pembeni, ukiwa karibu utasikia "tak". Kikikwama nje mchana, rangi zinaharibika. Izime kamera uiwashe tena, mara nyingine kinarudi, kisiporudi hapo kweli kamera ina ugonjwa.

Huku kwetu mwambao kuna maadui wengine wawili ambao fundi wa bara huwa hawafikirii. Wa kwanza chumvi. Upepo wa bahari unabeba matone madogo, yanakauka kwenye kioo yanaacha utando wa chumvi, mchana utaona picha imefifia kidogo tu, ikifika usiku hewa ikawa na unyevu ile chumvi inavuta maji inalowa, taa za kamera zikiimulika picha yote inakuwa maziwa. Wenye nyumba za wageni zinazotazama bahari wanaijua hii. Dawa yake ni maji baridi yasiyo na chumvi na kitambaa laini, na umwagie kwanza kabla ya kusugua, ukisugua kikavu zile chembe zinachora kioo na mchoro hautoki tena maisha. Halafu usidanganywe na maandishi ya IP66 kwenye boksi. Ile 6 ya kwanza ni vumbi haliingii, ya pili ni maji ya kurushwa kwa nguvu hayaingii, hakuna mahali imesema chumvi haitakula skrubu. Skrubu tafuta za chuma kisichoshika kutu cha gredi 316, na viungio vya waya usiviache vinaning'inia nje, vitie ndani ya kiboksi kilichofungwa. Nshafungua kiungio cha miezi minane tu, ndani kijani kama ukoga, pini zimeliwa.

Adui wa pili ni chokaa. Nyumba zetu za mawe kuta ni nyeupe na vichochoro vyembamba, ukiifunga kamera imebana ukuta, robo ya picha ikawa ni huo ukuta, taa zinaupiga unang'aa, kamera inadhani kumekucha, inajipunguzia mwanga yenyewe, na uchochoro wote unazama gizani. Watu wanasema "taa zake dhaifu", kumbe zina nguvu mno! Izungushe kidogo ukuta utoke kwenye picha, au itoe nje kwa mkono wa chuma sentimita 30 hivi. Zile kamera za duara zenye kifuniko kama bakuli zina tatizo la ndugu yake hili, ndani kuna mpira unaoizunguka lensi, ukifungua kusafisha ukarudisha vibaya, mwanga unajirudia ndani ya bakuli lenyewe na unapata ukungu. Kwa huku mimi sizipendi nje, nachagua ile ndefu yenye kikofia.

Lakini kesi inayowatesa watu zaidi si ukungu, ni kamera inayozimika usiku. Mchana inafanya kazi safi, saa kumi na mbili na nusu jioni inapotea, inarudi, inapotea, ukisimama chini yake unasikia tak... tak... tak... usiku kucha. Nyumba moja ya wageni kule Shela walishabadilisha kamera mara mbili kabla hawajaniita. Nkapima umeme kule kwenye adapta, volti 12, safi. Nkapanda juu nkapima kwenye kamera mchana, 11 na kitu. Nkangoja giza. Magharibi imeingia, taa za kamera zikawaka, tesita ikashuka mpaka 8 na nusu, kamera ikafa. Ikafa taa zikazima, umeme ukapanda, kamera ikaamka, ikaona giza, ikawasha taa, ikafa tena. Ndo mchezo huo mpaka alfajiri.

Tatizo ni waya. Mita 40, mwembamba wa nusu milimita mraba, na si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba juu juu, ukiukwangua na kisu unaona weupe. Shaba ya unene huo kwenda na kurudi ingekuwa na ukinzani, yaani kuuzuia umeme, wa kama omu 2.75, alumini ni karibu omu 4.5. Mchana kamera inakula robo ampea inapoteza kama volti moja, haina neno. Usiku taa zinaongeza mpaka 0.8 ampea, inapoteza volti 3.5 njiani. Kamera walizonunua mpya zote mbili zilikuwa nzima, zile za zamani nazo nzima, zimetupwa. Tuliweka shaba nene zaidi, mambo yakaisha. Njia nyingine ni kamera za PoE, zinazopata umeme na picha kwa waya mmoja wa mtandao, zile zinatumia kama volti 48, wati zile zile zinapita kwa ampea chache kwa hiyo hasara ni ndogo, waya unaweza kufika mita 100.

Kwa hiyo ukienda kununua usianze kuuliza megapikseli, yaani picha ina nukta (pikseli) milioni ngapi. Anza kuuliza unataka kuona nini. Ili umtambue mtu usiyemjua kwa sura unahitaji kama pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa picha. Kamera ya kawaida yenye pikseli 1920 kwa upana inakupa hiyo kwenye eneo la mita 7 na nusu, basi. Zile zenye lensi ya milimita 2.8 zinaona pana sana, kama nyuzi 100, mtu akiwa mita 10 upana umeshafika karibu mita 24, unabaki na pikseli 80 kwa mita, utajua kuna mtu, nani hujui. Chukua ya milimita 6 uielekeze mlangoni. Vichochoro vyetu vyembamba hapa vinatusaidia, mtu hana pa kukwepea.

Diski nayo piga hesabu. Kamera moja kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 43 kwa siku, kamera nne kwenye terabaiti moja ni siku tano na kitu halafu inafuta ya zamani. Mtu anakuja baada ya wiki mbili anasema haikurekodi, ilirekodi, ikajifuta.

Za waifai mimi kwa nyumba za kale siziweki kabisa, ukuta wa matumbawe nusu mita, rauta iko sebuleni, hebu fikiria. Na kabla ya kutoboa ujue mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, si wa kutoboa toboa ovyo, na lipu ya chokaa haishiki skrubu vizuri, tafuta boriti. Kubwa zaidi ni dirisha la jirani. Picha ya mtu anayetambulika ni data yake kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nyumba ya wageni inatakiwa iweke tangazo kwamba kuna kamera, lakini hata bila sheria, kamera ikitazama ndani kwa watu hapa mtaani hutasalimiwa tena. Kwenye DVR nyingi kuna sehemu ya kuziba kipande cha picha kwa kiboksi cheusi, izibe mbele ya jirani mwenyewe aone.

Ami nilimpangusia uzi, nkamsogezea balbu mbali na kamera, mita mbili hivi, wadudu waifuate huko. Jumamosi na fagio la makuti mjukuu anapitisha juu. Wiki ya pili kanipigia tena, saa nane usiku safari hii. Simu inalia "mtu ameonekana, mtu ameonekana" kila dakika mbili, hajalala. Nkamwambia fungua picha unitumie. Punda wawili wamesimama mbele ya duka, wanatingisha masikio. Ile tahadhari yake ilikuwa ya kizamani, inahesabu pikseli zilizobadilika tu, haijui punda wala mtu. Nkamwelekeza kwa simu achore eneo la mlango peke yake aache njia, na unyeti aushushe nusu. "Na punda wakija mlangoni?" Hapo ami, nkamwambia, toka uwafukuze.