Sola ya gridi nayo huzimika

Wengi hapa Mwanza huamini kwamba ukishapandisha paneli juu ya bati, TANESCO wakikata wewe unaendelea kutazama mpira. Si kweli kwa kila mfumo. Sola iliyofungwa kwenye gridi bila betri huzimika papo hapo, hata jua la saa saba likiwa linachoma mawe ya Bismarck.

Paneli haina kosa. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa TANESCO, hufuata umeme wa gridi, volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Gridi ikipotea inajizima kwa makusudi, isije ikamrusha fundi aliye juu ya nguzo akidhani waya hauna umeme.

Sasa nenda mwisho wa laini ndefu ya umeme, mbali na transfoma. Mchomelea mageti akigusisha fimbo kwenye chuma, taa za jirani zinafifia, akiinua, zinarudi. Kwenye waya huohuo mwembamba, mchana watu wakiwa kazini na paneli zikisukuma umeme, volti hupanda mpaka inveta inajitoa yenyewe. Ukiongeza paneli hapo unazidisha shida (mwuzaji hatakwambia). Kinachosaidia ni waya mnene, transfoma ya karibu, au betri yenye inveta inayoweza kujitenga na gridi.